Sala isiyosubiri nafasi

Mkazi wa Moshi anajua kwamba mlima huonekana vizuri alfajiri, na mara nyingi jua likishapanda mawingu yanaufunika. Sala nayo ina saa zake. Anayesema "nitasali nikipata nafasi" hulala hajasali, maana siku ya mfanyabiashara wa soko la Mbuyuni au ya muuguzi wa zamu haibakizi nafasi. Ifunge sala kwenye jambo usilolikosa: kuchemsha chai, kufungua duka, kusubiri daladala ijae.

Asubuhi anza na dakika tano. Maji yakiwa jikoni, soma fungu moja kwa sauti ya chini, taja watu watatu unaowaombea, nyamaza kidogo, basi. Sauti inasaidia kwa sababu macho yenye usingizi huruka mistari. Wanaotoka kwenye semina na moto wa kusali saa nzima, wiki haiishi wameacha.

Cha kusoma kiamue usiku. Zaburi ya 119 inatisha kwa mistari yake 176, kumbe imegawanyika katika mafungu 22 ya mistari minane minane. Fungu moja kwa siku ni dakika mbili hivi, na kwa siku 22 hujiulizi usome nini. Ukimaliza, nenda Mithali, yenye sura 31: tarehe ya leo ndiyo sura ya leo. Mpango huu naupenda kuliko yote kwa sababu hauna deni. Deni ndilo linaloua usomaji wa Biblia. Mtu anakosa Jumanne, Jumatano anataka kulipa, Ijumaa zimekuwa sura nane, Jumapili anaona aibu hata kuifungua. Ukiruka siku, ya jana iache ilivyo. Tarehe hiyo itarudi mwezi ujao.

Simu ni msaada na ni mtego. Unafungua Biblia, ujumbe wa kikundi cha harusi unaingia, dakika tano zimekwisha unahesabu michango. Pakua Biblia nzima ili isihitaji bando, weka simu kwenye hali ya ndege kabla ya kulala, na usiitoe huko mpaka umeshasali.

Mchana jifunze kwa Nehemia. Mfalme alimwuliza haja yake, naye akamwomba Mungu kwanza, ndipo akajibu, palepale amesimama. Sala ya namna hiyo ni sentensi moja: "Bwana, nipe neno la kumjibu." Inatosha mbele ya mteja anayegombea chenji. Wakatoliki wana kengele ya Malaika wa Bwana saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni. Mlutheri anayeisikia kutoka dukani kwake anaweza kuiazima, hakuna atakayemdai.

Jioni, sala ya familia iwe kabla ya chakula. Wakishashiba watoto husinzia, na baba pia. Ubeti mmoja wa wimbo, kila mmoja ataje jambo moja la kushukuru, Baba Yetu, kisha ugali. Mtoto akitaja mpira, usimsahihishe.

Na mama mwenye kichanga, aliyeamka mara nne usiku? Zaburi ya 117. Ina mistari miwili tu, inasomeka yote mtoto akiwa bado ananyonya.