Maswali ya Wasomaji: Miezi ya Kwanza ya Gitaa

Barua tulizozichagua kwa toleo hili zimetoka kwa watu wanaoanza kujifunza gitaa, au wanaomwanzishia mtu mwingine. Tumezifupisha bila kubadilisha maana.

Swali: Ndugu Mhariri, nina umri wa miaka 43 na sijawahi kushika ala yoyote ya muziki. Nianze na gitaa la nyuzi za nailoni, la nyuzi za chuma au la umeme? Rafiki zangu wanasisitiza kwamba ni lazima nianze na lililo gumu ili vidole vikomae.

Jibu: Ushauri huo uuache, ndugu yetu. Vidole hukomaa kwa ala yoyote inayopigwa kila siku, na ugumu usio wa lazima haumfundishi mtu chochote ila kukata tamaa. Chagua aina inayotoa sauti unayopenda kuisikia, kwa kuwa utakachokirudia jioni baada ya kazi ni muziki unaoupenda. Nyuzi za nailoni ni laini, ila shingo ya gitaa lake ni pana, takriban milimita 52 pale karibu na kichwa, ilhali shingo ya gitaa la nyuzi za chuma huwa na milimita 43 hivi, na mwenye vidole vifupi huihisi tofauti hiyo mara moja. Gitaa la umeme lina nyuzi nyembamba zilizolala karibu na shingo, kwa hiyo ndilo jepesi kuliko yote kwa mkono unaobana, na hakuna kosa lolote kuanza nalo, mradi ukumbuke kwamba litahitaji amplifaya.

Kwa maoni yangu, kimo cha nyuzi ni jambo zito kuliko aina ya gitaa. Freti ni vile vipande vyembamba vya chuma vilivyokatiza shingo. Weka rula ndogo penye freti ya 12 kutoka kichwani, ambayo ndiyo nusu ya urefu wa uzi, kisha upime nafasi iliyopo kati ya freti hiyo na uzi wa sita, yaani ule mnene kuliko yote. Kwenye gitaa la nailoni nafasi hiyo huwa karibu milimita 4, na kwenye la nyuzi za chuma karibu milimita 2.5. Ikizidi hapo kwa kiasi kikubwa, gitaa lipelekwe kwa fundi kabla ya somo la kwanza, kwa sababu wapo watu walioacha wakiamini kwamba hawana kipaji, kumbe walikuwa wakipambana na ala isiyorekebishwa. Usifunge kamwe nyuzi za chuma kwenye gitaa lililotengenezwa kwa ajili ya nailoni, kwani mvutano wake unakaribia maradufu na unaweza kung'oa daraja, yaani kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi kwenye uso wa gitaa.

Swali: Wiki chache tangu nianze, ncha za vidole zinaniuma, baadhi ya nyuzi zinakwaruza badala ya kulia vizuri, na gitaa hupoteza sauti nikiliacha usiku mmoja tu. Je, ala yangu ni mbovu?

Jibu: Huenda ni nzima kabisa. Kidole kinapaswa kubana uzi nyuma tu ya freti, yaani upande wa kichwa cha gitaa, karibu nayo kadiri inavyowezekana bila kuikalia. Ukibana katikati ya nafasi baina ya freti mbili utalazimika kutumia nguvu nyingi zaidi, na bado uzi utakwaruza. Kata kucha za mkono unaobana ziwe fupi, na kidole gumba kikae nyuma ya shingo. Maumivu ya ncha za vidole ni ya kawaida na hupungua ngozi inapokuwa ngumu, hivyo dakika 15 kila siku zitakusaidia kuliko saa mbili za siku moja ya wiki. Maumivu ya kifundo cha mkono au ganzi ni habari nyingine: ukiyasikia, pumzika na urekebishe mkao.

Ama kuhusu kupotea kwa sauti, nyuzi mpya huendelea kunyooka kwa siku kadhaa, kwa hiyo lityuni, yaani rekebisha sauti za nyuzi, kila unaposhika gitaa. Kuanzia uzi mnene, noti ni E, A, D, G, B na E. Tyuna ya simu inatosha, lakini jifunze pia kwa masikio: uzi wa sita ukibanwa kwenye freti ya 5 hutoa sauti ileile ya uzi wa tano ukiwa wazi, yaani bila kubanwa, na hivyo hivyo kuendelea, isipokuwa uzi wa tatu, ambao hubanwa freti ya 4 ili kuupata uzi wa pili. Uzi ukiwa juu mno, ushushe hadi upite noti, kisha uukaze kupanda; ukiishia kwa kulegeza, utateleza tena muda si mrefu.

Swali: Ninajua kodi nane, yaani mafungu ya noti zinazolia pamoja, na kila moja inalia vizuri ikiwa peke yake. Lakini nikitaka kupiga wimbo, kila ninapohama kodi muziki unasimama. Nijifunze kodi zipi zaidi?

Jibu: Usiongeze hata moja kwa sasa. Unachokosa ni njia za kupita kutoka kodi moja kwenda nyingine, na njia hizo hufanyiwa mazoezi peke yake. Chukua C meja na A maina. Katika kodi hizo mbili kidole cha shahada hubaki freti ya 1 ya uzi wa pili, na cha kati hubaki freti ya 2 ya uzi wa nne. Kinachohama ni cha pete tu, kutoka freti ya 3 ya uzi wa tano hadi freti ya 2 ya uzi wa tatu. Mwanafunzi anayeinua vidole vyote vitatu na kuvipanga upya anajipa kazi ambayo haikuwapo. Kutoka A maina kwenda E meja umbo la vidole ni lilelile, limesogea uzi mmoja kuelekea upande wa nyuzi nene. Kabla ya kuhama kodi yoyote, jiulize kidole kipi kinabaki na kipi kinaongoza.

Kisha weka metronomu, kifaa kinachogonga mapigo sawasawa, kwenye mapigo 60 kwa dakika, upige kila kodi mapigo manne, na mkono unaopiga usisimame hata kama ule unaobana umechelewa. Hapa ndipo wengi hukaidi, kwa kuwa sikio linachukia kodi iliyotoka nusu. Lakini msikilizaji husamehe noti iliyopotea kwa urahisi kuliko pigo lililopotea. Unaweza hata kuachia vidole mwishoni mwa pigo la nne na kupiga nyuzi wazi kwa muda mfupi huku ukisafiri, jambo ambalo wapigaji wazoefu hulifanya pasipo kujificha. Ukipita dakika mbili bila kusimama, ongeza mapigo matano. F meja ya kubana nyuzi zote kwa kidole kimoja isubiri. G, C na D zinatosha kuchezea nyimbo nyingi, na kapo, yaani kibano kinachofungwa kwenye shingo ya gitaa, itakusaidia kupandisha ufunguo, yaani kimo cha sauti ya wimbo mzima, ufuate sauti ya mwimbaji.

Swali: Binti yangu wa miaka 8 hutumia mkono wa kushoto. Nimnunulie gitaa la kawaida?

Jibu: Mwache ashike gitaa upande wowote anaoupenda kabla hujalipa. Mikono yote miwili ina kazi, na wapo wanaotumia kushoto wanaopiga gitaa la kawaida bila tabu. Akiona raha kuligeuza, mtafutie lililotengenezwa kwa mkono wa kushoto, maana kubadilisha tu mpangilio wa nyuzi hakutoshi: mifereji inayozibeba karibu na kichwa imechongwa kwa unene wa kila uzi. Mpiga gitaa wa Marekani Jimi Hendrix alitumia magitaa ya mkono wa kulia yaliyogeuzwa na kufungwa nyuzi upya, naye Elizabeth Cotten, mwanamuziki mwingine wa Marekani, alilipindua gitaa bila kubadilisha mpangilio wa nyuzi, akipiga besi kwa vidole na melodi kwa kidole gumba. Kwa umri wa binti yako, ukubwa wa robo tatu kwa kawaida unafaa, bali mpime akiwa ameketi: mkono wake ufike freti ya 1 bila bega kunyanyuka.