Dizeli kukata pumzi Kitonga: anza na hewa kabla ya turbo

Ndugu, Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ uliyoigeuza nyumba ya safari, kama inakata pumzi kwenye mlima Kitonga, barabara ya Morogoro–Iringa, huku ikitoa moshi mweusi, usikimbilie turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi. Moshi huo maana yake dizeli imezidi hewa. Badilisha filta ya hewa, nozeli zinazonyunyiza dizeli zikapimwe kwenye mashine, kisha taiming ya pampu, yaani wakati inapoingiza dizeli, iangaliwe. Fundi akisema “tuiongezee dizeli kidogo,” kataa. Utaongeza joto na moshi, nguvu hutaiona.

Injini hiyo ya lita 4.2 imetoka kiwandani bila turbo, kwa hiyo ukiifungia turbo, iwe ya presha ndogo, kama psi 7, pamoja na geji ya joto la ekzosi. Joto likikaa juu ya nyuzi 700, pistoni ziko hatarini. Rejeta nayo izibuliwe kwanza. Mimi binafsi ningeanza na uzito: maji lita 200 ni kilo 200 unazozipandisha bure. Ukitokea Morogoro, tangi la maji lijaze Iringa, baada ya mlima, siyo Ruaha Mbuyuni, na mlimani rudisha gia mapema, injini ikiwa bado inazunguka vizuri.