Wabishi wangu wanakubaliana mno: nirekebishe wapi?

SWALI: Nimetengeneza zana ya mdahalo inayotumia modeli ya lugha (programu ya akili bandia inayojibu kwa maandishi) kuwasaidia wakuu wa idara kufanya maamuzi. Mtumiaji anaeleza suala kwa aya moja, modeli inatetea, nyingine inapinga, zinabishana raundi tatu, kisha ya tatu inakuwa mwamuzi na kutoa pendekezo. Zote ni modeli ileile. Tatizo: ikifika raundi ya pili wanaanza kupongezana, na mwamuzi husema "pande zote zina hoja nzuri" halafu huangukia kwa mtetezi karibu kila mara. Niongeze wabishi wafike watano, au nihamie modeli kubwa zaidi?

JIBU: Yote mawili yaache kwanza. Wabishi watano wanaokubaliana watakupa makubaliano marefu zaidi na bili kubwa zaidi.

Anza na mwamuzi, maana ndiye wa kutiliwa shaka kuliko wote. Chukua masuala ishirini yaliyokwisha kupita kwenye zana, mpe mwamuzi mabishano yaleyale, ila safari hii maneno ya mpinzani yatangulie na ya mtetezi yafuate. Usiguse hata nukta. Uamuzi ukigeuka, ujue alikuwa anapima nafasi, si hoja. Udhaifu huu unajulikana: mwaka 2023 Zheng na wenzake walichunguza modeli zinazotumiwa kama mahakimu, wakaona zinavutwa na mpangilio wa majibu na pia urefu wake, walijadili vilevile uwezekano wa modeli kupendelea majibu yake yenyewe. Na wewe hapo kesi ya ngedere umempelekea nyani. Ukiweza, mwamuzi awe modeli ya ukoo mwingine. Usipoweza, mwendeshe mara mbili kwa mipangilio yote miwili, na majibu yakitofautiana zana iseme wazi kwamba suala halijaamulika. Hata majina "mtetezi" na "mpinzani" yafute. Waite A na B, maana jina lenyewe linamnong'oneza mwamuzi nani ana msimamo na nani analeta fujo.

Kupongezana kunatokana na malezi. Modeli hizi zimefunzwa kwa kupewa alama na watu, na watu hupenda kuafikiwa. Ndiyo maana unapata kitu kama hiki:

"Naafiki hoja ya mwenzangu kwamba kuhamia mfumo mpya kutapunguza gharama, ingawa ni vyema kuzingatia hatari zilizopo."

Hapo hakuna aliyepinga chochote. Dawa yake ina sehemu mbili. Kwanza, kila upande uandike hoja zake za ufunguzi kabla haujaona neno hata moja la mwenzake. Pili, acha kumwambia B "pinga". Mpe jambo la kutetea. "Tusihamie mfumo mpya" ni msimamo mwepesi, unaishia kwenye tahadhari za jumla. "Tubaki na mfumo wa sasa kwa miezi 12 na fedha za kuhama zikasafishe data" ni msimamo wenye gharama na faida zake, na sasa A ana kitu cha kushambulia. Mwanasaikolojia Charlan Nemeth na wenzake waliliona hili kwa binadamu mwaka 2001: mtu anayepinga kwa kuamini huchochea fikra kuliko aliyepewa tu kazi ya kupinga. (Kanisa Katoliki lilikuwa na afisa wa kupinga watu wasitangazwe watakatifu kiholela, wakaja kumwita wakili wa shetani, tangu 1587. Lakini yule alikuwa na faili mkononi.)

Faili ndilo linalokosekana kwako. Ukirudi kwenye kazi ya mwaka 2018 ya Irving, Christiano na Amodei iliyoleta wazo hili la modeli kubishana mbele ya hakimu, utaona jaribio dogo la picha za tarakimu. Hakimu alitakiwa kutambua tarakimu huku akionyeshwa pikseli 6 tu, yaani nukta sita za picha. Bila mdahalo alipatia asilimia 59.4; wabishi wawili walipopewa nafasi ya kuchagua pikseli za kumwonyesha, akafika 88.9. Wabishi waliiona picha nzima, hakimu hakuiona, na hakuna aliyeweza kughushi pikseli. Mwaka 2024 Khan na wenzake wakafanya hivyo kwa hadithi ndefu: wabishi walisoma maandishi yote, hakimu hakusoma, na nukuu zilihakikiwa na programu. Mahakimu wa modeli walipatia asilimia 76 na binadamu 88, kutoka 48 na 60 bila mdahalo.

Kwenye zana yako wote watatu wanasoma aya ileile ya mtumiaji. Hakuna anachokijua mbishi ambacho mwamuzi hakijui, basi kinachobaki ni ufasaha, na mwamba ngoma huvutia kwake.

Kwa hiyo wape wabishi nyaraka zenyewe: mikataba, ripoti za matumizi, kumbukumbu za hitilafu. Kila dai la ukweli libebe nukuu neno kwa neno na namba ya ukurasa. Uhakiki usimwachie modeli. Msimbo wa kawaida wa kulinganisha maandishi unatosha, nukuu isiyopatikana ifutwe kabla mwamuzi hajaiona. Halafu mwonyeshe mwamuzi sentensi mbili kabla na mbili baada ya nukuu. Hili nililijifunza kwa aibu. Mbishi mmoja alinukuu, kwa usahihi kabisa, "mkataba unaweza kusitishwa kwa notisi ya siku 30", msimbo ukapitisha, na sisi tukafurahi. Sentensi iliyofuata ilisema haki hiyo inaanza baada ya mwaka wa kwanza.

Mwamuzi naye nisingempa tena kazi ya kupendekeza. Aandike mambo mawili au matatu ambayo suala zima linaning'inia juu yake, nani ana ushahidi uliohakikiwa kwa kila moja, na taarifa gani ikipatikana ingegeuza uamuzi. Mkuu wa idara aandike msimamo wake kwa asilimia kabla ya kusoma mdahalo, na tena baada ya kusoma. Hifadhi namba hizo. Matokeo yakija, zipime kwa alama ya Brier, kipimo cha tangu 1950 cha umbali kati ya asilimia uliyotabiri na kilichotokea, ambacho spredishiti yoyote inakimudu, ujue kama zana inasogeza watu kuelekea ukweli au inawasogeza tu.

Kuhusu modeli kubwa na wabishi zaidi: kabla hujalipa, weka mdahalo wako kwenye mizani na njia ya kivivu. Uliza modeli moja swali lilelile mara nyingi, kwa idadi ileile ya tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli husoma na kuandika) ambazo mdahalo unakula, na uchukue jibu la wengi. Mdahalo usiposhinda hapo, umenunua maigizo. Zana niliyokuwa naisimamia ilishindwa jaribio hilo kwenye maswali ya hesabu, tukaizima huko. Kwenye maswali ya nyaraka ndefu ilishinda, na raundi ya tatu tukaiondoa bila mtu kuuliza imekwenda wapi.