Pikipiki ya mileji kubwa: ninavyoikagua kabla ya kutoa pesa

Pikipiki iliyotembea kilomita 100,000 inanunulika, na inaweza kukulisha miaka kadhaa. Nasema hivi kwa sababu vijana wanaotaka kuanza kazi ya boda hapa Nairobi hunipigia simu mara kwa mara, na swali ni lile lile: "Kaka, hii ina kilomita 80,000, niiache?" Mimi napeleka mizigo kwa pikipiki, na karibu zote nilizowahi kumiliki nilizinunua zikiwa zimeshatumika sana. Mita mimi huitazama mwisho. Kwanza nataka kujua nani alikuwa juu ya kile kiti.

Kuna tofauti kubwa kati ya pikipiki ambayo mwenyewe ndiye dereva na ile iliyokodishwa kwa hesabu ya siku. Dereva wa hesabu akisikia injini inagonga saa nne asubuhi, hawezi kusimama. Tajiri anasubiri pesa yake jioni. Atapiga kazi hadi usiku, kesho atampokeza mwenzake, na oili itabadilishwa siku tajiri atakapokumbuka. Mwenye mali yake, kinyume chake, anajua hata siku aliyofunga cheni mpya. Muulize: oili unabadilisha baada ya muda gani? Unatumia ipi? Fundi wako ni nani, yuko wapi? Anayeitunza hujibu papo hapo, na mara nyingi atakupa namba ya fundi kabla hujaiomba. Mpigie huyo fundi.

Nasisitiza oili kwa sababu injini hizi za Boxer, TVS na wenzake hubeba takriban lita moja tu, na hazina maji ya kuzipoza. Upepo na hiyo oili ndivyo vinavyofanya kazi yote. Injini ikishakula robo lita bila mtu kuangalia, kilichobaki kinachemka, kinakuwa chepesi, na ringi zinazoizunguka pistoni zinaanza kusagika. Hapo ndipo pikipiki ya kilomita 30,000 inazeeka kuliko ya 100,000.

Ukitaka kujua kama mita inasema kweli, piga hesabu mwenyewe. Boda wa mjini anayefanya kazi kutwa anaweza kumaliza kilomita 100 kwa siku. Zidisha kwa siku 300, unapata 30,000 kwa mwaka. Sasa ukiletewa pikipiki ya boda ya miaka mitatu yenye mita ya 18,000, jua kuna jambo. Labda kebo ya mita ilikatika kule kwenye gurudumu la mbele ikaachwa hivyo hivyo, labda mita yenyewe ni ya kubadilishwa, labda imezunguka ikaanza upya, kwa maana mita nyingi za mshale zina tarakimu tano tu za kilomita. Tazama vitu ambavyo hakuna anayekumbuka kuvibadilisha: raba ya kukanyagia iliyolika ikawa laini, pedali ya breki iliyong'aa pembeni, tundu la ufunguo lililolegea, rangi iliyokwanguka kwenye fremu pale magoti yanaposugua. Hivyo ndivyo vitakavyokuambia umri wake.

Nenda asubuhi na mapema, na umwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla hata ya salamu kuisha, weka kiganja karibu na silinda. Niliwahi kumsindikiza binamu yangu Kayole kuangalia Boxer. Muuzaji alitupokea vizuri, akatuletea chai. Nilipopeleka mkono kwenye injini, joto likanipiga kabla sijaigusa.

"Mkubwa, umetoka nayo wapi asubuhi hii?"

"Sijatoka nayo, nimeipasha tu kidogo isiwasumbue."

Tulikaa. Chai ikaisha, ikaongezwa, maongezi yakaenda hadi siasa. Injini ilipopoa kabisa, binamu yangu akaipiga kiki hadi akavua jaketi. Ilipokubali kuwaka, ikatoa moshi wa buluu uliofunika geti, na kwenye ubavu wa injini cheni ya taimingi ikawa inachapa kwa sauti ya chuma kwa chuma. Sauti ilipungua kadiri injini ilivyopata joto. Tungeikuta inanguruma tayari, tusingeisikia. Tulimshukuru kwa chai tukaondoka.

Moshi usome kwa makini. Mvuke mweupe kidogo asubuhi ya baridi, unaopotea baada ya dakika moja mbili, ni wa kawaida. Moshi mweusi ni petroli kupita kiasi, mara nyingi ni kabureta au filta ya hewa, na hiyo ni kazi ndogo. Wa buluu ni oili inayoungua. Ukitoka zaidi unapovuta mafuta ukiwa na mzigo, shuku ringi na silinda. Ukitoka unapoachilia mafuta kwenye mteremko kisha ukavuta tena, shuku sili za valvu. Ya pili ni nafuu kuliko ya kwanza, kwa hiyo jua ni ipi kabla ya kutaja bei.

Kisha fungua kifuniko cha oili. Oili nyeusi si dhambi, kila oili inayofanya kazi huwa nyeusi. Iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, na tangu mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliyozamisha mitaa mingi ya jiji hili, mimi huuliza waziwazi kama pikipiki iliwahi kulala majini. Chovya kidole, kisugue juani: ukiona vumbi linalometameta kama fedha, kuna kitu kinasagika ndani. Na oili ikiwa nzito na mpya kabisa, safi kama ya dukani, uliza imebadilishwa lini, na kama ni jana, kwa nini jana. Oili nzito hunyamazisha kelele kwa siku chache. Mwombe pia akufungulie plagi. Ncha ya hudhurungi iliyokauka ni habari njema. Ncha nyeusi yenye unyevu wa mafuta ni ule moshi wa buluu unaojieleza kwa njia nyingine.

Baada ya hapo iendeshe. Muuzaji atataka uache kitambulisho au pesa, na ana haki. Vaa helmeti yako, tafuta mlima. Mimi huwa naomba tupande Valley Road tukiwa wawili, kwa sababu klachi iliyochoka hujificha kwenye tambarare. Ikiwa injini inapandisha sauti na mwendo hauongezeki, sahani za klachi zimekwisha. Weka gia ya pili, vuta, achilia, vuta tena. Gia ikiruka yenyewe, hiyo ni kazi ya kupasua injini yote, na kwa maoni yangu hiyo pikipiki mwachie mwenyewe hata akikupunguzia nusu.

Fremu ndipo watu wengi hawatazami, na ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Pikipiki ya boda Nairobi imebeba magunia ya viazi, sofa, mitungi ya gesi, abiria watatu kwa pamoja. Injini inafunguka ikatengenezwa. Fremu iliyopasuka ikakuvunjikia Outering Road itakutupa chini ya lori. Lala chini kwenye gunia, uwe na tochi. Angalia shingo, pale fremu inaposhika usukani, kisha pale shoko za nyuma zinapofungwa, kisha mikono miwili inayoshika tairi la nyuma. Alama za kuchomelea za kiwandani ni nyembamba na zinafanana pande zote. Za fundi wa mtaani huvimba, na upande mmoja haufanani na mwingine. Kipande kimoja cha fremu kikiwa na rangi mpya na vingine vyote vimechakaa, pita kucha juu yake polepole, utaihisi weldi chini ya rangi. Keri ya mizigo iliyochomelewa hainisumbui. Shingo iliyochomelewa siinunui.

Halafu isimamishe kwa stendi ya kati, mwenzako akandamize nyuma ili gurudumu la mbele liinuke. Zungusha usukani taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Usukani ukinasa katikati kana kwamba kuna kijishimo, beringi za shingo zimekufa. Lishike tairi la nyuma ulitikise kwa upande; likicheza, ni beringi au bushi. Ivute cheni kutoka nyuma ya sproketi: ikiinuka hadi ukaona nusu ya jino, seti nzima imeisha. Tairi, taa, honi, viashiria na breki vitazame kwa haraka, hivyo vyote ni vya kununua na kufunga. Nenda kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road siku moja kabla, uulize bei ya seti ya cheni, tairi na sahani za klachi za aina unayoitaka. Ukiwa na bei hizo mfukoni, mazungumzo na muuzaji hubadilika kabisa, kwa kuwa unataja kitu na gharama yake, naye hana la kubisha.

Sasa makaratasi. Hapa namsihi kila anayenisikia. Namba ya chesi imepigwa kwenye shingo ya fremu, ya injini iko kwenye mwili wa injini chini. Zisome kwa macho yako, uzipige picha, na uangalie kama chuma kimekwanguliwa kwa tupa. Kisha fanya utafutaji wa rekodi ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa namba ya usajili. Itakuonyesha jina la mwenye pikipiki na mwaka wa usajili. Pikipiki nyingi za boda zimenunuliwa kwa mkopo, na jina la mkopeshaji huwa kwenye rekodi pamoja na la mwendeshaji. Ukiliona, deni halijafutwa, na kifaa cha kufuatilia huenda kimefichwa chini ya kiti. Watakuja kuichukua kwako, na muuzaji simu yake itakuwa imezimwa. Akisema amebakisha kidogo, mwambie alipe, jina litoke, ndipo mrudi mezani.

Pesa mimi huitoa tukiwa tumekaa pamoja saiba, duka la intaneti, muuzaji amefungua akaunti yake ya eCitizen na kuanzisha uhamisho wa umiliki, mimi nimeukubali kwenye yangu. Mkataba tunaandika, tunaweka nakala za vitambulisho, na malipo yanapita M-Pesa au benki ili yaache alama. "Nitakuhamishia wiki ijayo" sikubali, hata kwa jirani. Bima nayo uichukue kabla ya kuondoka, na iwe ya kubeba abiria ikiwa unaenda kupiga boda. Ya matumizi ya kibinafsi haitakusaidia siku abiria wako ataumia.

Ukifika nyumbani, mwaga oili yote hata kama aliapa ni mpya. Weka ya kwako, andika kilomita kwenye karatasi na uibandike chini ya kiti. Kwa mwezi wa kwanza pima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha. Ikiwa inashuka kidogo kidogo, anza kuweka akiba ya ringi mapema, kabla silinda haijaharibika pamoja nazo.