Kuhamia jiko la umeme bila kuumizwa na LUKU

Dada, nimekuelewa: mtungi wa gesi unakwisha kabla ya mwezi, unatamani kupikia umeme ila unaiogopa LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Anza na jiko la presha la umeme, ulitumie kwa maharage, makande na nyama ngumu, maana hivyo ndivyo vinavyomaliza gesi. Nusu kilo ya maharage uliyoyaloweka usiku huiva kwa chini ya uniti moja; presha ikishapanda, jiko hujikata lenyewe. Chapati endelea nazo kwenye gesi kwanza.

Kama uko D1, kundi la bei nafuu la TANESCO kwa watumiaji wadogo wa umeme, chunga usivuke uniti 75 kwa mwezi, bei hupanda sana.

Tafadhali usilichomeke jiko hilo kwenye ekstensheni nyembamba. Soketi ikipata moto au ukisikia harufu ya plastiki, zima, umwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji.