Anayekuja nyumbani pia lazima awe na leseni
Dada uliyeuliza kama wa nyumbani anahitaji leseni: ndiyo, mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) anayemfuata mtoto nyumbani anahitaji leseni sawa na yule wa hospitalini. Hapa Kenya sheria yao ni ya 2014 na wana baraza lao linalotoa leseni hiyo. Usiridhike na cheti cha chuo. Omba leseni ya mwaka huu, ulinganishe jina na kitambulisho. Ila leseni haikuonyeshi mkono wa mtu. Mwanangu ana mtindio wa ubongo, na hapa Umoja, Nairobi, nimeshaajiri watatu. Kaa naye kikao cha kwanza: huyu tuliyebaki naye alipasha viganja joto kwanza, na mtoto alipokunja uso akaliachilia goti papo hapo. Kama mtoto wako hajapimwa bado, anzia KISE, taasisi ya elimu maalum iliyoko Kasarani.