Usiende kwa daktari ukasema "sipati usingizi tu"

Mkuu, hapana. Futa huo mpango. Nimesoma bandiko lako mara mbili ili nihakikishe sijakuelewa vibaya: miezi sasa hulali, hasira zinakupanda bila sababu, kifua kinabana, kazi huna hamu nayo, mkeo kakubana mpaka ukapanga miadi ya Alhamisi, na wewe umeamua ukifika utasema "sipati usingizi tu", upewe vidonge, kesi iishe. Halafu ndiyo unauliza kama mazoezi yanasaidia, kama kuongea na mwanasaikolojia kuna maana yoyote, na marafiki uwaambieje. Hayo yasubiri kwanza.

Mimi niliingia kwa daktari na sentensi hiyo hiyo, neno kwa neno. Nilikuwa nimeikariri njiani. Daktari mwenyewe alikuwa mtu mzuri, foleni ndefu mlangoni, akaniuliza kama kuna kingine. Hakuna. Pombe? Kwenye sherehe tu. (Kwa hesabu zangu za wakati ule, siku yoyote yenye jioni ilikuwa sherehe.) Hamu ya kula? Ipo. Nyumbani? Salama kabisa. Akanipa dodoso la maswali 9, lile liitwalo PHQ-9, linalouliza umekuwaje kwa wiki 2 zilizopita: huzuni, kukosa raha na vitu ulivyovipenda, usingizi, uchovu, kujiona hufai, na mengine ya aina hiyo. Kila swali lina alama kuanzia 0 hadi 3, jumla 27. Nikajipa 3 kwenye usingizi kwa kuwa ndio ulionipeleka, 1 kwenye uchovu ili nisionekane mwongo, kwingine kote sifuri. Nikapata 4 kati ya 27. Kwa alama hizo ningeweza kukodishwa kama mfano wa mtu mwenye furaha.

Swali la mwisho ndilo linalouliza kama umekuwa ukiwaza kwamba ni heri ufe. Nililisoma. Nililielewa. Nikaweka sifuri bila mkono kutetemeka. Huo ndio uongo ulionigharimu kuliko wote niliowahi kusema, na nimewahi kuuza gari.

Kwa sababu daktari anatibu alichoambiwa. Nilisema usingizi, nikapewa dawa za usingizi. Sasa elewa: dawa nyingi za kundi lile ni za muda mfupi, wiki chache, si za kuishi nazo. Mwili unazizoea, kiasi kilichokulaza mwanzoni hakikulazi tena, na unaanza kuzihitaji ili tu uwe kawaida. Ukizichanganya na pombe zinaweza kupunguza pumzi hadi kiwango cha hatari. Onyo la pombe nilipewa, lakini kwa kifupi, maana nilishajitambulisha kama mtu wa sherehe. Daktari yule alipoanza kuuliza mbona nimerudi tena, nikahamia kwa mwingine na kumkariria hadithi ileile. Huyo naye akaniandikia.

Asubuhi kichwa kizito, kazini nasahau hata nilichotumwa dakika ileile, jioni hasira. Mwanangu alijifunza kuutambua mlio wa funguo zangu, akiusikia anahamia chumba kingine. Mke wangu naye alihama chumba, kisha akahama nyumba. Lakini usingizi nilipata, si ndio niliouomba?

Kilichonipoteza zaidi ni kwamba sikujua naumwa nini. Sonona, yaani ule ugonjwa wa akili unaoitwa depression, kwangu ilikuwa ni mtu aliyejifunika shuka analia. Mimi silii, mimi nagombana! Kumbe kwa wanaume wengi inakuja hivyo hivyo: hasira za vitu vidogo, kunywa, kujizika kwenye kazi hadi usiku, kuendesha gari kama huna wa kukungoja, kichwa kuuma, tumbo kuuma, mgongo kuuma bila vipimo kuonyesha kitu. Hamu ya tendo la ndoa nayo ilikwisha, nikasema ni umri. Kila kimoja nilikitafutia maelezo yake, na kila maelezo yalikuwa mazuri. Ungenisikiliza ungeniamini.

Na hapa niseme kuhusu mshauri wangu. Kila mwanaume anaye mmoja. Wangu alikuwa kazini, kanizidi umri, mtu wa kuheshimika, ndiye aliyenifundisha sentensi ile. "Ukimwaga yote watakuandika kichaa, faili halifutiki, kazi utaikosa. Wewe sema usingizi. Mwanaume anajikaza." Mzee huyu mara yake ya mwisho kukaa mbele ya daktari alikuwa mgongoni mwa mama yake, amepelekwa chanjo. Nami nikamwamini yeye kuliko mtu aliyesomea kazi hiyo! Unachomwambia daktari kwa kawaida ni siri, isipokuwa pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini. Hampigii bosi wako. Hana hata muda wa kumpigia bosi wako. Nimewahi kumkumbusha mshauri maneno yake, akasema yeye alikuwa "anatania". Mke wangu kahama nyumba kwa utani.

Wa pili ni wale wahamasishaji wa mtandaoni, amka saa kumi alfajiri, oga maji ya baridi, acha kulalamika, simba halii. Maji hayo nimeyaoga. Nilitoka na sonona yangu ileile na mafua juu yake.

Huko kujikaza wanakokuhubiria kuna hesabu yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu 727,000 walijiua mwaka 2021, na duniani kwa jumla kiwango cha wanaume ni zaidi ya mara mbili ya cha wanawake. Wakati huohuo, sonona inahesabiwa zaidi kwa wanawake. Ziweke hesabu hizo mbili pamoja, kisha jiulize wenzetu wa "sipati usingizi tu" wako kwenye ipi. Methali ya mficha maradhi nimeiimba tangu darasani, sikuwahi kudhani ni mimi ninayesemwa.

Kwa hiyo nina kanuni moja, sina ya pili: lile jambo ulilopanga kutolisema, ndilo lisemwe la kwanza. Kabla hujakaa vizuri kwenye kiti, kabla hujaulizwa habari za nyumbani ukajibu "nzuri", maana ukishasema "nzuri" umeshajifunga. Kama mdomo unagoma, na utagoma, andika. Nusu ukurasa inatosha. Unalala saa ngapi. Unakunywa kiasi gani, kile cha kweli, si cha sherehe. Umemfokea nani na kwa sababu gani. Wapi kunauma. Kama umewaza kufa, lini na mara ngapi. Ingia, mkabidhi, nyamaza, tazama dirishani wakati anasoma. Hakuna anayekulazimisha kuwa msemaji.

Mimi karatasi sikuwa nayo. Nilisaidiwa na muuguzi aliyekuwa ananipima presha, ambayo ilikuwa juu, bila shaka. Akiwa bado anasoma kipimo, hata hajainua uso, akaniuliza: "Kuna siku umetamani usiamke?" Nikasema ndiyo. Sikupanga, ilitoka yenyewe. Watu wanaliogopa swali hilo eti litampa mtu wazo. Wazo nilikuwa nalo siku nyingi, nilikuwa sijapata wa kuniuliza kwa mdomo. Hakushtuka wala hakuita mtu wa kunifunga kamba. Alivuta kiti.

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole. Damu ilipimwa, pamoja na tezi ya shingoni, maana ikifanya kazi vibaya inaweza kukuletea hali inayofanana na sonona, jambo ambalo mtu wa "usingizi tu" anaweza asipimwe kamwe. Dawa za usingizi nilipunguziwa kidogo kidogo, hazikatwi ghafla hizo, usijaribu. Nikaanzishiwa dawa za sonona, ambazo si za usingizi na huchukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti ya maana, na nikapelekwa kwa mwanasaikolojia. Na huko nako kanuni ni ileile. Baadhi ya dawa hizi hupunguza nguvu au hamu ya chumbani, na mwanaume akiona hivyo anafanya nini? Anaziacha kimya kimya. Mimi huyu ninayekuhubiria nusura nifanye hivyo. Ukiziacha ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu na vile vishindo kichwani vinavyofanana na shoti ya umeme, halafu unakuja hapa jukwaani kuandika kwamba dawa ni sumu. Sema! Kiasi kinaweza kubadilishwa, hata dawa yenyewe inaweza kubadilishwa. Daktari hayo kayasikia kwa wengi kabla yako. Aibu ni yako peke yako pale chumbani, yeye hana hata chembe.

Kitu kingine. Katika bandiko lako refu umeeleza kila kitu, hadi jina la kidonge ulichosikia kinafaa. Habari za kutamani kufa hukuzigusa kabisa. Huenda hakuna cha kugusa, na nitafurahi sana ukinitukana hapo chini kwa kukukosea. Ila kama kipo, na hasa kama kinakuja na mpango wa namna ya kukifanya, hiyo si ya kungoja Alhamisi. Nenda kitengo cha dharura leo, mwambie mkeo kabla hujatoka mlangoni, na usibaki peke yako hata kwa saa moja.

Kama sivyo, basi karatasi uiandike leo usiku, si Jumatano. Jumatano utaanza kujiona umepona, nakuhakikishia, miadi ina tabia ya kuponya watu siku moja kabla. Na nakala mpe mkeo, maana yako utaipoteza njiani.